Daktari Akishaingia

Daktari hakusalimiwa akiwa na mkono ndani ya ng'ombe. Hakuna aliyekataza. Watu wa Mweiga walijaribu mwanzoni, kwa sababu kupita bila kusalimia ni utovu wa adabu, wakagundua kwamba salamu zao zinaanguka chini na hakuna anayeziokota. Ungesema "Daktari, habari ya asubuhi," naye angeendelea kuangalia ukuta wa zizi, jicho halipepesi, mkono umezama hadi begani, kama mtu anayetafuta ufunguo chini ya kitanda. Baadaye, akiisha kunawa, angekukuta barabarani akakusalimia kwa furaha na kukuuliza umefika lini.

Tulikuwa na neno letu la hali hiyo. Tulisema, "Daktari ameingia." Mtu akija kumtafuta na shida ya kuku, aliambiwa, "Ngoja, ameingia," naye alikaa kwenye nyasi akangoja.

Alikuwa daktari wa mifugo, mwanamke mrefu, mwembamba, wa gambuti nyeusi na koti la kijani lisilokuwa na kifungo hata kimoja. Kila mtu alimwita Daktari. Mume wake alimwita Daktari. Mama mkwe wake, ambaye hakumpenda, alimwita Daktari kwa namna ambayo ilikuwa wazi kwamba hamsifu. Mimi nilikuwa jirani yake. Ua wa miiba wa kei-apple tu ulitutenganisha. Nilikuwa mwalimu wa chekechea, na mpaka leo ni mtu wa maneno mengi. Nadhani Mungu alituweka karibu ili kila mmoja aone mwenzake amekosa nini.

Mara ya kwanza kumwona kazini kwa karibu ilikuwa kwa mtamba wangu, aliyeshindwa kuzaa. Ndama alikuwa amekaa vibaya, kichwa kimegeukia nyuma. Daktari alikuja asubuhi, akavua koti, akapaka sabuni mkononi, akaingia. Mvua ilianza. Mume wangu, mtu mpole ambaye kazi yake shambani ilikuwa kushika vitu ambavyo wengine wanatumia, alichukua shuka la plastiki akalishika juu ya kichwa cha Daktari. Mvua ilizidi. Shuka lilijaa maji katikati, likapasuka, maji yote yakamwagikia Daktari mgongoni. Mimi nilipiga kelele. Mume wangu alipiga kelele. Mtamba alipiga kelele. Daktari alisema polepole, kama anayezungumza na mtu aliye ndani, "Sasa leta pua. Pua. Vizuri."

Ndama alitoka mzima. Daktari alimpangusa kwa nyasi, akainuka, akatazama nguo zake zinazochuruzika, kisha akatazama anga.

"Kumenyesha?" akauliza.

"Kidogo," mume wangu akasema.

Watu walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema anajiringa kwa sababu ya masomo. Kanisani walisema ni moyo mgumu, kwa sababu siku moja, katikati ya mahubiri, aliona buibui akitengeneza utando kwenye kona ya dirisha, akageuza kiti kabisa, akampa mchungaji mgongo hadi sala ya mwisho. Mchungaji alikuwa akihubiri juu ya kusikiliza. Alipomuuliza baadaye kama amebarikiwa, Daktari alisema amebarikiwa sana, na akamweleza kuhusu miguu ya nyuma ya buibui.

Hata siku ya ruracio yake, sherehe ya kuleta mahari, watu wa mume walipokuja na mbuzi na mahari na nyimbo, bibi harusi hakuonekana. Kwa desturi msichana hufichwa kati ya wenzake, wamefunikwa leso, na bwana harusi humtambua. Bwana harusi alifunua leso zote. Alicheka akidhani ni mchezo, akafunua tena. Bibi harusi alipatikana nyuma ya nyumba, ndani ya ile nguo ya sherehe, akimshona mbuzi mmoja wa mahari aliyekuwa amejikata njiani. Wazee walijadiliana kama mbuzi aliyeshonwa na bibi harusi bado anahesabika kuwa mahari. Walikubaliana anahesabika. Mume wake alinisimulia hayo mwenyewe, kwa fahari. Alikuwa fundi wa umeme Nanyuki, akirudi nyumbani mwisho wa wiki, na alisema kwamba mke anayeishi ndani ya kazi yake hakusumbui kwa simu.

Lakini mtu huyohuyo hakuweza kupanga foleni. Benki ilimshinda. Angesimama kidogo, aanze kuhamisha uzito mguu huu mguu ule, asome kila tangazo ukutani, kisha atoke nje bila kufanya alichokwenda kufanya. Ripoti za ofisi ya mifugo zilimliza, nami nilimwona akilia kwa macho yangu, mbele ya karatasi ya kawaida tu inayouliza amechanja ng'ombe wangapi. Aliacha chai ikapoa, akatengeneza nyingine ikapoa, akaenda kliniki bila kunywa chochote. Alisahau majina ya watu na hakusahau titi la ng'ombe yeyote. "Wewe ni yule mwenye Friesian ya titi bovu la kushoto," alimwambia mama mmoja sokoni, mbele ya wanaume. Yule mama aliacha kununua dawa kwake kwa muda mrefu.

Na alikuwa hajui kuacha. Ng'ombe wa mzee mmoja alimfia mikononi, naye akaendelea kumpasua na kumchunguza, jua likahama toka upande mmoja wa zizi hadi mwingine. Mzee alikuwa amesimama pale, akingoja aondoke ili apate kulia.

"Daktari," akasema mwishowe, "imekufa."

"Najua," Daktari akasema. "Nataka kujua kwa nini."

Akajua. Kilikuwa kipande cha waya kilichomezwa pamoja na nyasi. Alikifuta, akamwekea mzee mkononi, akiamini amempa kitu cha kumfariji.

Hayo yote tuliyacheka. Kicheko kiliisha siku ya moto.

Ilikuwa mchana wa likizo ya shule. Binti yake, Nyambura, alikuwa na miaka minane hivi. Daktari alikuwa ameweka mafuta ya chapati kwenye jiko la gesi, kisha akakumbuka kinyesi cha ndama alichokuwa ameleta nyumbani kwenye chupa, akaenda sebuleni kukiangalia kwenye hadubini "mara moja tu." Mimi nilikuwa naanika nguo. Niliona moshi mweusi ukitoka kwenye dirisha la jikoni kwao, nikasikia mtoto akiita, "Mami! Mami!" Nilipita kwenye ua ule wa miiba bila kutafuta njia.

Jikoni pazia lilikuwa linawaka na dari imeanza kushika. Nyambura alikuwa amesimama mlangoni ameshika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto. Alikuwa amejaribu kuzima gesi mwenyewe. Nilimvuta nje, nikaingia sebuleni. Moshi ulikuwa umejaa kutoka darini hadi usawa wa kichwa. Chini ya moshi, Daktari alikuwa amekaa mezani, jicho kwenye hadubini, akizungusha kile kigurudumu kidogo kwa kidole kimoja. Nilimwita. Nilimshika bega nikamtikisa.

"Ngoja kidogo," akasema.

Nilimvuta pamoja na kiti. Tulipofika nje ndipo uso wake uliporudi, na sijapenda kamwe kukumbuka jinsi ulivyorudi. Alitazama nyumba. Alitazama mkono wa mtoto. Hakupiga kelele. Alimbeba Nyambura hadi kwenye bomba, akaweka ule mkono chini ya maji, akaukaza macho, na nikajua hata kabla sijamwita kwamba ameingia tena, safari hii ndani ya ule mkono. Majirani walizima moto nyuma yake. Hakugeuka. Daktari wa watu hospitalini alisema mkono ulihudumiwa vizuri sana. Kovu lilibaki, lakini vidole vyote vinafanya kazi.

Kikao cha ukoo kilikaa wiki iliyofuata. Mama mkwe alitoka Othaya na akazungumza wa kwanza.

"Mimi sina chuki," akasema. "Lakini huyu mtoto atachomeka siku ingine, na mama yake ataambiwa na majirani. Nitaenda na yeye."

Mume alitazama miguu yake. Wote tulimtazama Daktari, tukingoja apigane. Nilikuwa nimeitwa kama shahidi, na nilikuwa nimejiandaa kusema mengi.

"Ni kweli," Daktari akasema. "Hapa si salama. Mumpeleke."

Wakasema ndiyo hiyo, hana hata machozi. Mimi mwenyewe nilimshangaa. Baadaye nilimfuata zizini nikamuuliza kwa nini hakujitetea hata kwa neno moja.

"Wangesema uongo ningejitetea," akasema. "Nilisikia akiniita, Mwalimu. Hiyo ndio sijui nitafanya nini nayo. Nilisikia, lakini ilikuwa mbali, kama mtoto wa mtu mwingine, shamba ingine."

Kwa karibu miaka miwili Nyambura aliishi Othaya. Kila Jumamosi Daktari aliendesha ile pikapu yake kuukuu hadi huko, akakaa uani na mtoto hadi jioni, mama mkwe akimwangalia kutoka dirishani. Huyu mtu aliyesahau chai, sikukuu na chakula cha mchana hakukosa Jumamosi hata moja. Ng'ombe aliyezaa Jumamosi alizalishwa na mtu mwingine au alijizalisha. Watu walinung'unika, wengine wakahamia kwa daktari wa Nyeri.

Aliyemaliza habari hiyo ni Nyambura mwenyewe. Jumamosi moja alifunga nguo zake kwenye mfuko, akapanda pikapu, akafunga mlango. Nyanya yake alitoka nje.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani, cucu. Hapa mnapiga kelele sana. Mami hapigi kelele."

"Na ukichomeka?"

"Mimi najua vile anatoka," mtoto akasema. "Nyinyi mnamwita kwa masikio. Hayo amefunga. Unaweka mkono yako pale anaangalia, halafu unangoja."

Alikuwa ameyafikiria kwa miaka miwili. Mama mkwe alinisimulia habari hii mara nyingi, kila mara akiwa amekasirika kidogo zaidi kwamba hakupata jibu.

Nyumbani wakaweka sheria. Hadubini ilihamishiwa kliniki. Kichwa cha gesi, kile kinachofungwa juu ya mtungi, kilikaa kwenye kabati langu karibu na Biblia. Daktari akitaka kupika alikuja kukiomba, na hakupewa mpaka aseme anapika nini. Akimaliza alikirudisha. Wageni waliokuwa kwangu walishangaa kumwona mwanamke msomi akibisha hodi na kusema, "Mwalimu, naomba gesi, ni mayai tu."

Miaka ikapita, Nyambura akaenda sekondari ya bweni upande wa Nyeri. Haukupita muhula, shule ikaita mzazi. Msichana hasikii kengele. Darasa la kemia linakwisha, wenzake wanaenda kula, yeye amebaki amechora mabawa ya nzige, kila mshipa. Somo la historia halijui kabisa. Mwalimu mmoja, mwanamke kijana, alisema msichana si mkaidi, na angependa aonwe na mtaalamu mjini. Mume alikuwa Nanyuki, kwa hiyo mimi nilimsindikiza Daktari.

Mtaalamu alikuwa mtu wa sauti ya chini, na hilo lilimsaidia. Aliuliza maswali, na mama alipaswa kujibu kuhusu mtoto.

"Akiwa ndani ya jambo analolipenda, anasikia akiitwa?"

"Hapana," akasema Daktari.

"Anasahau kula?"

"Nasahau."

"Nauliza juu ya mtoto."

"Ndio. Yeye pia."

"Kelele za sokoni zinamsumbua?"

"Naweka pamba," akasema Daktari, na akachomoa pamba kutoka sikio moja akaiweka mezani kama ushahidi.

Yule mtaalamu aliweka kalamu chini. Alimtazama mama, kisha binti, kisha mama. Nyambura, ambaye alikuwa akichunguza kidudu kwenye dirisha, alisema bila kugeuka, "Nilimwambia aje yeye."

Daktari aliingia mle kama mzazi akatoka ameandikiwa tarehe yake mwenyewe ya kurudi. Baada ya kurudi mara kadhaa, wote wawili walipewa majina ya hali zao: usonji kwa kipimo fulani, na pia lile jina la Kiingereza la herufi nne ambalo watu hudhani ni la watoto wasiotulia. Mtaalamu alieleza kwamba umakini haujapungua hata kidogo. Shida ni kuugawa. Kwa wengine ni kama maji ya mfereji, unayaelekeza kwenye kitunguu kidogo, kwenye kabichi kidogo. Kwao ni mto. Ukienda mahali unaenda wote.

Siku hiyo ya majina tulimwacha Nyambura shuleni, tukaanza kurudi. Pale Gatitu, njiani, Daktari alisimamisha gari, akanunua mahindi ya kuchoma, tukala ndani ya pikapu madirisha yakiwa yamefungwa.

"Mwalimu," akasema, "sasa hivi unasikia nini?"

"Nakusikia wewe."

"Mimi peke yangu?"

"Na nani mwingine?"

Alitafuna. "Mimi nasikia mashine ya yule kinyozi. Hii mahindi ikipasuka. Makanga akiita abiria. Saa yako. Nguo inanikwaruza hapa shingoni. Na wewe. Zote ziko sawa, hakuna kubwa, hakuna ndogo. Tangu nizaliwe. Nilidhani kila mtu yuko hivyo na nyinyi mnavumilia tu."

Nilivua saa yangu nikaitia mfukoni.

"Nikiweka mkono ndani ya ng'ombe, zinazima moja moja," akaendelea. "Mwisho kunabaki mguu ya ndama. Naijua na vidole. Hii ni goti, hii ni kisigino. Hakuna mimi, hakuna mgongo yangu inauma. Hapo ndio napumzika."

"Unapumzika na mkono ndani ya ng'ombe?"

"Eeh."

"Basi si uingie na kutoka ukitaka."

"Ingekuwa ni mimi naamua, ningeingia kwa ripoti," akasema. "Inanichukua yenyewe. Na kutolewa ni kumwagiwa maji ukiwa usingizini. Siku ile ulinivuta na kiti, niliona kama unaniua. Halafu nikaona mkono ya Nyambura."

Alimaliza mahindi yake, akafuta mikono kwenye koti, akawasha gari.

Wengi walitaka kujua kama sasa amepona. Hakupona, hakukuwa na cha kupona. Alipewa dawa akazitumia kwa muda, akasema zinamsaidia benki. Alimwambia mchungaji jina la hali yake, na mchungaji akamwombea. Alimwambia mama mkwe, naye akasema, "Kwa hivyo si kiburi?" Aliambiwa si kiburi. "Basi ni huzuni," akasema mama mkwe, akaanza kumletea ndizi.

Nyambura sasa yuko chuo kikuu, anasoma wadudu. Mkono wa kulia ndio anaochorea.

Mwaka jana mume wangu alifariki. Alilala mchana akiwa na gazeti kifuani, na hakuamka. Nyumba ilijaa watu kama desturi ilivyo: kamati, turubai, nyimbo, kina mama wa kanisa, jamaa kutoka kila upande. Kila aliyeingia alinishika mikono akanieleza kwamba Mungu hakosei. Niliwajibu wote. Mimi ni mtu wa maneno, nilikuwa nayo ya kutosha, na kila neno lililotoka liliacha nafasi ambapo mume wangu aliingia na kuniuliza nimeweka wapi miwani yake.

Daktari alikuja siku ya tatu. Alisimama mlangoni, nikaona midomo yake ikijaribu ile sentensi ambayo watu husema, ikashindwa. Nywele zake zilikuwa zimeshakuwa nyeupe, na vidole vyake vimevimba kwenye viungo. Kazi ya ng'ombe wazito alikuwa amewaachia vijana. Alitazama watu, akaweka pamba masikioni, akapita moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba. Nilidhani ameondoka.

Nilipotoka kutafuta hewa nilimkuta ameketi juu ya debe lililogeuzwa, kando ya gunia la maharagwe ya njahi ambalo wapishi walikuwa wameliacha kwa sababu lilijaa mawe. Alikuwa na ungo mapajani. Alichota, akatandaza, akatoa jiwe, akatoa iliyooza, akamwaga kwenye sufuria, akachota tena. Hakuniambia pole. Alisogeza ungo mwingine kwa mguu ukaja mbele yangu.

Nilikaa kwa sababu miguu ilikuwa imechoka. Mwanzoni nilizungumza. Hakujibu, nami nikaendelea peke yangu, kisha maneno yakapungua. Njahi ni nyeusi, na kila moja ina ule mstari mweupe ubavuni. Jiwe halina mstari. Iliyotobolewa ina tundu dogo, na ukiigeuza kwa kucha unaliona. Mstari, mstari, jiwe. Mstari, tundu. Vidole vikaanza kujua kabla ya macho. Nyimbo za mbele ya nyumba zilikuwa zinaimbwa, bila shaka.

Wifi yangu ndiye aliyetutoa. Alikuwa amesimama juu yetu.

"Mko hapa tangu saa ya chakula? Watu wanakutafuta kila mahali!"

Gunia lilikuwa tupu. Kivuli cha nyumba kilikuwa kimetufunika na kwenda hadi kwenye migomba. Na hapo nikaelewa kwamba kwa muda huo wote sikuwa nimemfikiria mume wangu hata mara moja, nikaanza kulia kwa sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu afe.

Daktari alinitazama jinsi anavyotazama mnyama ambaye hajajua anaumwa wapi.

"Ni wapi?" akauliza.

"Nilimsahau," nikasema. "Mwili haujazikwa, na nimemsahau."

Alilifikiria jambo hilo kwa makini, mikono juu ya ungo.

"Umetoka ukampata bado ako?"

"Bado ako."

"Basi," akasema. Aliinuka, akakung'uta vumbi kwenye koti, akatazama ndani ya stoo. "Kesho kuna mahindi."

Kesho yake alikuja. Mimi nilikuwa nimeshatoa nyungo nje.